Mpira wa Kuhesabia Magari na Mashua ya Curt

Jumatatu, 8 Juni 2009

Curt, nisamehe. Uliniachia daftari hili mwezi wa nne, ukasema niandike kila siku, likijaa nikutumie huko Dakota kwenye visima vyenu vya mafuta, usome kama uliyekaa jikoni kwako. Leo ni Juni na huu ndio ukurasa wa kwanza. Otto anaota meno. Senja anaota maswali. Mimi nikikaa tu, nimelala. Hata sasa naandika nimesimama, daftari liko juu ya mashine ya kufulia. Ukiona mwandiko unatetemeka si kwamba nimelia. Ni mashuka.

Habari sasa. Leo kulikuwa na mkutano ukumbini. Kaunti haina kitu. Kuziba mashimo hawawezi, kwa hiyo walikuwa wameamua kuleta lile zimwi lao la kusaga lami, waisage barabara yetu irudi kuwa changarawe kama enzi za babu yako. Yetu, na ile ya dada yako Lorna kule nyuma ya kilima. Zote mbili.

Halafu akasimama Bi Verna wa basi la shule. Akasema basi lake halikanyagi changarawe wakati wa matope. Na unajua kwetu wakati wa matope ni wakati wowote ambao si wa theluji. Maana yake Septemba Senja akianza chekechea atasubiri basi kwenye barabara kuu, ng'ambo ya kijito, malori ya magogo yanapopita kama yamefukuzwa. Mtoto wa miaka mitano! Mtoto anayesimama kumwamkia kila konokono! Na gari letu, Januari, huwaka likijisikia.

Nilikuwa nimeshaanza kutokwa na machozi ndipo Bwana Pelletier, yule mhandisi wa barabara wa kaunti, akatoa habari njema. Zile fedha za kuamsha uchumi kutoka Washington zimefika jimboni, jimbo limegawia kaunti, na fungu letu linatosha kutia lami mpya. Barabara moja.

Moja. Yetu au ya Lorna. Ipi? Itakayopitwa na magari mengi. Kesho wanalaza mpira wa kuhesabia kwenye kila barabara.

Nikamtazama Lorna. Lorna akanitazama. Tukatabasamu kama watu wanaopendana. Mlangoni akanishika bega, akasema: "Wifi, pole mapema."

Pole mapema! Basi hili litasimama mlangoni kwangu, hata kama itanibidi nilibebe.

Jumanne, 9 Juni

Mpira umelazwa. Mweusi, unene wa kidole gumba, umekatiza barabara yetu pale karibu na barabara kuu, kabla ya kalavati la kijito. Pembeni kuna kisanduku kimefungwa kwa mnyororo kwenye mti. Nikamwendea jamaa wa kaunti na kahawa na kipande cha keki, nikauliza maswali ya kijinga kwa sauti ya kijinga. Akaeleza yote. Ule mpira hauoni gari. Unahisi kukanyagwa tu. Kila ekseli ikipita, mguso mmoja. Miguso miwili, gari moja.

Nikamwongezea keki.

Sasa wewe unajua Otto hulala ndani ya gari linalotembea tu. Miezi yote hii nimekuwa nikizunguka naye bure, nikichoma mafuta bure. Leo usingizi wa mwanao umegeuka kazi ya taifa. Tumekwenda na kurudi. Kwenda na kurudi. Senja nyuma anaimba. Otto anakoroma. Mpira unapiga, pap-pap, pap-pap. Sijawahi kusikia muziki mtamu hivyo.

Alasiri wazo likanijia nikikunja nepi. Trela la mashua yako lina ekseli moja. Nikilivuta nyuma ya gari, ni pap-pap-pap. Gari moja na nusu! Nusu gari la bure, limekaa tu bandani na turubai juu yake.

Usijali. Nimefunga kila kitu vizuri. Mashua yako inapendeza sana barabarani, watu wananipungia.

Alhamisi, 11 Juni

Dada yako hana haya. Ameweka kibao nje ya saluni yake ya gereji: nywele za mbele anakata bure wiki nzima. Bure! Lorna! Mwanamke aliyenitoza siku ya harusi yangu mwenyewe! Wenye nywele na wasio na nywele wote wamepanga foleni barabarani kwake, na kila mmoja anakanyaga mpira akiingia, anaukanyaga akitoka. Bi Verna ametoka na nywele zimefunika nyusi. Sijui ataonaje barabara.

Maziwa yaliisha. Njia fupi ya dukani ni kwa Lorna. Nikapita barabara kuu, mzunguko mrefu, kuliko kumpa yule hata nusu gari. Na trela nyuma, kwa sababu kulifungua na kulifunga kunanichosha. Pale dukani nimechukua nafasi za watu wanne. Mwenye duka ameniuliza kama naenda kuvua. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama naenda na nepi zote hizo.

Jumamosi nafanya gulio uani, nauza vitu vyetu vya zamani.

Jumamosi, 13 Juni

Gulio limetia fora. Niliweka vibao vya maboksi njia nzima hadi barabara kuu, Senja amechora mishale. Mishale mingine imeelekea juu mbinguni lakini watu wameelewa.

Ujanja wangu ulikuwa huu. Kila mteja nilimwambia kitu anachokitaka kina bei mbili. Bei ya sasa, na bei ya chini kwa atakayekwenda hadi barabara kuu akarudi tena. Watu wa huku walivyo wabahili, walikimbilia magari. Mzee mmoja alizunguka mpaka kibaniko cha mkate akakichukua bila kulipa chochote. Nikamshukuru.

Kombe lako la kurusha mishale sijaliuza. Viatu vyako vya kutembelea juu ya theluji nimeuza, ulisema vinakubana. Ulisema wewe au nilisema mimi, mmoja wetu alisema.

Lorna akaja. Angeweza kupitia nyuma ya kilima, barabara yetu inapoungana na yake, ni karibu sana. La. Alizunguka na gari hadi barabara kuu ili nimwone. Akaegesha kabla ya mpira. Akashuka. Akauvuka kwa miguu, ameinua mguu juu kama kuku kwenye umande, akatembea na viatu vyake vya wazi hadi uani kwangu. Akachagua lile bakuli la kioo la kuokea, ambalo anadai lilikuwa lake tangu mwanzo. Nikamwambia bei ya chini ni kwa anayezunguka na gari. Akasema atalipa bei ya juu.

Amelipa bei ya juu, Curt. Kwa bakuli analosema ni lake. Ndipo nikajua tuko vitani.

Akiondoka akanialika jioni kwenye sauna yao, kile kibanda chao cha kuoga mvuke, kama Jumamosi zote. Nimekataa. Ndani ya sauna hakuna ugomvi, ndivyo mlivyonifundisha ninyi watu wa ukoo huu, na mimi ugomvi wangu sijaumaliza.

Jumatatu, 15 Juni

Sikulala, nilikuwa nafanya hesabu kichwani na Otto kifuani. Nani ana ekseli nyingi kuliko wote? Mjomba Reino! Lori lake la magogo lina ekseli kumi na moja. Akipita mara moja tu ni magari matano na nusu, na halihitaji kulazwa usingizi.

Nikampigia simu. Nikamwambia nimepika pasti, ile mikate ya kuoka yenye nyama na viazi ndani, nyingi, zitaharibika. Akaja na lori limejaa magogo, akakanyaga mpira, akavuka kalavati, akageuzia uani kwetu. Bustani yako ya mboga haipo tena. Amekula pasti, ametoka. Amerudi kula nyingine. Nimemwahidi kuwa nitapika hadi mwisho wa wiki, na ajisikie huru kuja na mzigo wote, asihangaike kushusha.

Alipokuwa anapanda lori akasema, mdomo umejaa: "Binti, lile kalavati limelia nilipopita."

Nikamwambia makalavati hayalii.

Jumanne, 16 Juni

Ukurasa huu nitauchana kabla sijakutumia daftari.

Makalavati yanalia.

Mjomba Reino alitangulia na lori lake. Mimi nyuma yake, Otto usingizini, Senja anaimba, mashua mkiani. Lori likapita. Gari letu likapita. Trela halikupita. Nilisikia kitu kama mtu mnene anakaa kwenye kochi. Nikavutwa nyuma kidogo, halafu kitu kikakatika, gari likawa jepesi. Nikasimama. Nikageuka. Barabara ilikuwa imebonyea katikati kama keki iliyotolewa haraka, trela limekaa shimoni limepinda ekseli, na mashua yako inateleza taratibu, kwa heshima zote, kuingia kijitoni.

Otto hakuamka. Senja akatazama nyuma, akapiga makofi. "Mama, baba atafurahi. Mashua imefika majini."

Ilikaa juu ya maji muda wa kutosha kwa mtu kusema sala fupi. Halafu pua ikaenda chini.

Hakuna aliyeumia. Bwana Pelletier amekuja, amevaa mabuti, ameingia chini ya barabara na tochi, ametoka na uso mrefu. Bomba la kalavati limeoza toka zamani, anasema, kutu tupu, lilikuwa likishikiliwa na mazoea. Lingeweza kuanguka wakati wowote. Lingeweza kuanguka na basi. Kwa hiyo amefunga barabara leo hii hii. Vizuizi, taa za manjano, kila kitu.

Nikauliza, sasa mimi narudije nyumbani? Maana nilikuwa upande wa barabara kuu na nyumba iko ng'ambo.

Akanionyesha kwa kidole. Kule. Kwa Lorna.

Nilipokanyaga mpira wa dada yako nilifumba macho. Pap-pap.

Ijumaa, 19 Juni

Hili sikulifikiria. Nilifikiria yote, hili sikulifikiria.

Barabara yetu imefungwa, kwa hiyo kila mtu aliyekuwa anapita kwetu sasa anapita kwa Lorna. Mtu wa posta. Lori la gesi. Wenye vibanda vya ziwani. Mzee wa kibaniko, amenogewa na kuzunguka, anakuja kuuliza gulio lingine lini. Mjomba Reino na ekseli zake kumi na moja, anafuata pasti nilizomwahidi. Mimi mwenyewe, kila Otto akisinzia. Mpira wa Lorna haupumziki. Wetu umelala mtupu, juzi nimeona kobe mdogo anauvuka, nikamshukuru.

Na Lorna ameweka kiti cha kukunja kando ya njia, miwani ya jua, glasi ya limau. Kila nikipita ananipungia polepole, kama malkia kwenye maandamano.

Nikaenda kwa Bwana Pelletier kudai haki. Nikamweleza kwamba magari yanayopita kwa Lorna kwa sababu ya kwetu kufungwa ni magari yetu, yamekwenda ugenini tu, yahesabiwe kwetu. Akasema mpira hauulizi mtu ametoka wapi. Nikasema basi hesabu ya kabla ya kalavati itoshe. Hapo akavua miwani akaifuta.

"Mama, mtoto wako hulala saa ngapi?"

Nikasema baada ya chakula cha mchana.

"Na asubuhi?"

Na asubuhi pia, kidogo.

"Na ana mashua?"

Nikasema inaelekea mvua itanyesha, nimeanika nguo, kwaheri.

Jumamosi, 27 Juni

Lorna amenialika tena sauna. Nimekwenda. Senja alishatangulia na taulo, anapenda kumwagiana maji na watoto wa shangazi yake, na mimi mwili wote unanuka maziwa yaliyoganda.

Tukakaa benchi la juu, yeye na mimi tu, watoto wametoka kukimbia nyasini, Otto amelala kwa Butch mumewe. Akamwaga maji juu ya mawe. Mvuke ukapanda. Akasubiri mpaka siwezi kupumua vizuri, ndipo akasema, kwa upole, kwamba Bwana Pelletier amempigia simu jana. Lami ni yake.

Nikafungua mdomo. Akainua kata ya maji kama askari wa barabarani. Ndani ya sauna hakuna ugomvi. Alijua! Alinileta pale makusudi! Mimi na hasira zangu tumekaa benchi moja, tukatoka jasho pamoja. Nimekaza meno mpaka yanauma kama ya Otto.

Halafu akasema hivi, bila kunitazama: "Wifi, nimeshaongea na Verna. Basi litakuja juu ya lami hadi uani kwangu, ligeuzie pale. Senja ataletwa hapa asubuhi. Atakula na wangu, atasubiri kwenye joto, nitamfunga kofia mimi. Wewe baki na mtoto kitandani. Una macho kama umepigwa ngumi."

Kwa njia ya msituni, kwake na kwangu ni karibu hivi kwamba nasikia akimfokea Butch.

Nilitaka kusema kitu cha kiburi. Nilikuwa nacho tayari, kizuri sana. Lakini uso wangu ulikuwa umelowa, na uzuri wa sauna ni kwamba hakuna anayejua maji gani ni yapi.

Nikamwambia bakuli ni lake.

Akasema anajua.

Jumatano, 8 Julai

Bwana Pelletier amekuja kupima kalavati jipya. La zege, pana, Senja amesimama ndani ya mchoro wake wa chaki akasema ni nyumba. Nikampa kahawa, akakaa kwenye ngazi. Nikamuuliza, kwa kuwa fedha za Washington zimekwenda kwa Lorna, hili bomba linalipwa na nani? Nilikuwa na wasiwasi kwamba atasema ni mimi.

Akanieleza polepole, kama anayemweleza Senja. Anasema jimbo lilikuwa na shimo kwenye bajeti ambalo lile la kwetu ni kidimbwi cha kuku mbele yake. Viwanda vimefungwa, watu kama wewe wameondoka, kodi haiingii. Jimbo lilikuwa linajiandaa kukata shule, kukata zahanati, na likishamaliza huko, lichukue fungu la barabara la kila kaunti. Zilipokuja zile fedha, nyingi hazikwenda kwenye lami hata kidogo. Zimekwenda kuziba pale kwenye shule na matibabu. Kwa hiyo jimbo halikugusa fungu la kaunti. Na bomba letu linatoka kwenye fungu ambalo halikuguswa.

Na akaongeza kwamba Bi Verna mwezi wa tano alikuwa ameshapewa taarifa ya kupunguzwa kazi, yeye na basi lake. Taarifa ile imefutwa. Hakumwambia mtu. Alisimama pale ukumbini akitoa masharti kuhusu changarawe na hakuwa hata na uhakika wa kuwa na basi.

Nimekaa pale na kikombe mkononi. Kumbe nilikuwa napigania basi lipite wapi, na basi lenyewe lilikuwa linakaribia kutokuwepo. Mtu hashukuru jambo lisilotokea, halionekani popote. Hakuna aliyelaza mpira kulihesabu.

Nimewaza hayo muda mzuri. Kisha nikamuuliza Bwana Pelletier kama, kwa kuwa anachimba hata hivyo, hawezi kupitiliza na lami kidogo hadi mlangoni kwangu. Amekunywa kahawa yake akaondoka.

Jumanne, 8 Septemba

Curt, nisamehe tena. Najua. Miezi miwili. Otto anatembea. Sihitaji kueleza zaidi.

Leo Senja ameanza shule. Tumepita njia ya msituni, ukungu umekaa chini, yeye mbele na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Jikoni kwa Lorna kulikuwa na pannukakku, ile chapati yenu nene ya mayai ya kuokwa, imetoka oveni sasa hivi, imevimba, siagi inayeyuka juu, ndani ya lile bakuli. Amekula vipande vitatu. Lorna amemfunga kofia kabla sijanyoosha mkono. Nikaifungua, nikaifunga upya. Ni mwanangu. Lorna amegeukia dirishani kucheka.

Basi likaja. Lami mpya, nyeusi, hata sauti halikutoa. Bi Verna amefungua mlango, nywele za mbele amezibana kwa kibanio sasa, anaona. Senja akapanda ngazi moja moja. Nilijiandaa kwa kilio. Nilikuwa na vitambaa viwili mfukoni. Hakugeuka hata nyuma. Alikuwa anamwambia Bi Verna kwamba baba yake ana mashua inayoishi chini ya maji.

Vitambaa vimetumiwa na mimi.

Kwetu kalavati limekwisha, barabara imefunguliwa, na juu ya kalavati wametia lami. Juu ya kalavati tu. Kipande cha urefu wa basi, huku na huku mashimo yale yale ya zamani. Senja anakwenda pale na baiskeli yake, anaendesha kutoka mwanzo hadi mwisho, anashuka, anaigeuza, anarudi. Anasema ni barabara yake.

Lakini sikiliza sasa. Bwana Pelletier alikuwepo asubuhi kuangalia lami ya Lorna. Anasema wakandarasi mwaka huu wana njaa ya kazi, wote wamedai bei ya chini, kwa hiyo fedha zimebaki. Majira ya machipuko wataongeza kipande kimoja. Ama chetu, kutoka kalavati hadi nyumbani, ama kile kilichobaki kwa Lorna, kuanzia saluni kwenda mbele. Na watachaguaje? Oktoba wanalaza mpira tena.

Alisema hayo akinitazama mimi. Nikatazama mawingu.

Lorna yeye alikuwa anafagia ngazi. Sijui kama alisikia. Lakini nilipokuwa naondoka nimeona kibao kipya kimeegemea ukuta, bado hakijaandikwa. Nampenda wifi yangu, niamini. Jumamosi nimemwalika aje sauna kwetu, nimezibua bomba la moshi mwenyewe. Nitamweka benchi la juu, nitamwaga maji, na sitamwambia lolote.

Ule ukurasa wa tarehe kumi na sita nilitaka kuuchana kama nilivyosema. Nikakuta Senja amekuchorea picha nyuma yake. Ni mashua iko kijitoni na samaki ndani anacheka, na juu ameandika BABA, herufi zote, bila msaada. Siwezi kuchana hiyo. Kwa hiyo sasa unajua. Ukimaliza kukasirika, geuza uangalie picha.

Daftari limejaa, kesho naliposti. Tunahitaji vitu hivi, na tafadhali vyote viwahi kabla ya Oktoba. Mabuti ya theluji ya Senja, namba kumi na mbili, yasiwe ya waridi, ameamua. Viatu vya kutembelea theluji vya kwako, maana unavijua vilikokwenda. Kiraka cha mashua na gundi yake. Chagua kiraka kikubwa, halafu chukua kinachokifuata kwa ukubwa. Mpira mweusi, unene wa kidole gumba, wa kuvuka barabara na kubaki kidogo. Huko visimani lazima upo umetupwa. Kisanduku kidogo cha kijivu chenye mnyororo na kufuli, ndani kisiwe na kitu cha kuhesabu, ni cha kukaa kando ya mpira huo barabarani kwa Lorna kabla kaunti hawajaleta wao, watu wakate nywele bure na wakanyage roho zao zipendavyo. Picha yako, Otto ameanza kumwita mtu wa posta baba. Na ekseli ya trela, ile imepinda kabisa. Ukipata trela la ekseli mbili, bora zaidi.